Sura ya Kumi na Nne

Asubuhi ya Jumatatu, wiki moja baada ya Pasaka ya mwaka tisini na tano, Mwalimu Ernesta alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu akivunja chaki vipande viwiliviwili ili zitoshe wiki. Gari lililokuja kupakia tangawizi likasimama uwanjani, na dereva akashusha boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Juu yake paliandikwa Shule ya Msingi Vumbweni, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, jina la kata, Mamba, ili lisipotelee Usangi kama lilivyopotelea boksi la mwaka uliotangulia. Ndani mlikuwa na vitabu arobaini. Vyote vilikuwa nakala za kitabu kimoja, na kitabu hicho alikuwa amekiandika yeye.

Kiliitwa Nakijwa Anashuka Mlima, hadithi ya watoto wa darasa la tano kwenda juu. Alikianza mwaka themanini na nane, binti yake wa pekee, Beatha, alipokwenda sekondari na nyumba ikawa kimya. Wakati huo daftari hazikupatikana hata kwa kujuana, kwa hiyo alikiandika kwa penseli nyuma ya fomu za chama cha ushirika kilichokufa. Shirika la umma alilolipelekea lilikaa nacho miaka minne, likakirudisha kimetafunwa pembe na panya, pamoja na barua ya kumtakia kila la heri. Halafu soko likafunguliwa. Maduka ya Same yakajaa mitumba na biskuti za kutoka nje, shule zikaanza kudai michango, na Dar es Salaam wakazuka wachapishaji binafsi waliotafuta hadithi za vijana, kwa sababu kulikuwa na wafadhili waliokuwa tayari kuzinunua na kuzigawa mashuleni. Ndivyo Nakijwa alivyopata kuchapwa.

Ernesta alifungua nakala ya kwanza akaenda moja kwa moja mwishoni. Sura ya kumi na tatu iliishia ukurasa wa tisini na sita, Nakijwa, aliyefaulu darasa la saba, akiwa amejitwika sanduku lake la bati na kukanyaga lami kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo Ernesta alipokuwa amemalizia. Lakini baada ya hapo palikuwa na kurasa nane nyeupe. Aliangalia nakala ya pili na ya tatu, zilikuwa vilevile. Ilimuuma kuona karatasi nzuri kiasi kile imepotea bure, na mchana uleule akaandika barua Dar kuuliza.

Kabla majibu hayajafika, aliona jambo darasani. Kilikuwa kipindi cha kusoma kimya, darasa la saba. Waliotangulia kumaliza hawakufunga vitabu. Waliendelea kufunua zile kurasa nyeupe taratibu, macho yakienda kulia na kurudi kushoto, wakilamba kidole kila walipotaka kufunua. Aliwauliza wanafanya nini. Walisema wanasoma sura ya kumi na nne. Aliwauliza ina nini. Msichana aliyekaa dirishani, Namsifu binti Eliamini, akasimama kwa adabu.

“Ina kurasa nane, mwalimu.”

Barua ya Dar ilipofika ilisema kwamba kwa bei ya karatasi ya siku hizi hakuna mtu anayechapa kurasa tupu. Mwalimu Hezroni wa hisabati, ambaye hakupenda mambo ya kuachwa hewani, aliwagawa watoto katika vyumba viwili na kuwaagiza wanakili mstari wa kwanza wa ukurasa wa tisini na saba. Waliandika kwa bidii. Daftari zao zilibaki nyeupe, lakini kila mtoto aliyepewa daftari la mwenzake aliweza kulisahihisha. Hezroni akahitimisha kwamba sura ipo, kwamba inasomeka mpaka kwenye umri wa miaka kumi na minne hivi, na kwamba kitabu kinahitaji vipindi sita badala ya vitano. Akabadilisha ratiba ukutani.

Kufikia siku ya soko kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Hakuna aliyebisha. Watu wa Vumbweni walitaka kujua jambo moja tu, nalo ni nani ameandikwa humo. Mwenye duka aliacha kuinyunyizia maji sukari ili iwe nzito. Mzee Eliufoo aliamka alfajiri akang'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, aliyokuwa ameyasogeza ndani ya shamba la mjane jirani yake, akayapanda upya hatua mbili ndani ya shamba lake mwenyewe. Katibu wa kijiji akawa anawaamkia watoto kabla hawajamwamkia. Watoto walipokea biskuti walizonunuliwa, wakasema asante, na hawakusema zaidi. Hawakuwa wanaficha. Ukiwauliza walikujibu bila hila kwamba soma tu, mzee, si ndefu.

Mwezi ukapita bila mtu yeyote kuitwa popote. Sukari ikaanza tena kuwa na unyevu, na masale ya Mzee Eliufoo yakarudi kwa mjane.

Ernesta ndiye ambaye hakutulia. Alikuwa ameona jinsi watoto walivyomwangalia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa Sadock, mume wake wa miaka ishirini na minne, mzee wa kanisa, mtu aliyefunga vifungo vyote vya shati hata kwenye joto la tambarare ya Kihurio. Alipoingia darasani watoto walisimama wote na shikamoo ikatoka kwa sauti moja kama siku zote. Lakini macho yao yalikwenda kwenye mfuko wa shati lake, yakakaa hapo, kisha yakahamia kwa Ernesta. Yeye walimwangalia kama mtu aliyekalia rangi mbichi na bado hajajua.

Akaanza naye kumwangalia Sadock. Aliona kwamba alikuwa akibeba nakala moja nyumbani kila Ijumaa. Alimkuta nyuma ya jiko ameuinua ukurasa kuelekea jua. Siku nyingine alikuta ukurasa wa tisini na tisa umebadilika rangi na unanuka moshi, na pasi ya mkaa ikiwa bado ya moto mezani, ingawa hapakuwa na nguo ya kupigwa.

“Mama Beatha,” Sadock alisema, “umeandika nini humu?”

“Sikuandika kitu. Mimi niliishia kwenye lami.”

“Basi nani kaandika?”

“Kwani kuna cha kuandikwa?”

Sadock aliitazama pasi. Alisema mkaa wa siku hizi haudumu, akatoka kwenda kuangalia mbuzi. Toka siku hiyo kila mmoja alijua kwamba mwenzake anamchunguza. Walikula pamoja, wakaenda ibadani pamoja, na kila mmoja alipoacha mkoba wake juu ya kiti alikumbuka ulivyokaa.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita Ernesta alimwita Namsifu kwenye bustani ya shule, akamkalisha juu ya gogo, akamwomba amsomee. Namsifu aliuliza kama ni kwa sauti. Ernesta alisema ndiyo, kwa sauti, asiruke kitu.

Mtoto alisoma vizuri. Sura haikumtaja Nakijwa hata mara moja. Ilisema kwamba Jumanne ya tarehe kumi na tano Desemba mwaka themanini na saba, mwalimu mkuu wa Vumbweni alishuka kwenda kuchukua orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Katika orodha hiyo shule ilikuwa na msichana mmoja tu, na jina lake lilikuwa Anaeli Eliamini. Mwalimu mkuu hakurudi siku hiyo. Alilala huko chini, na kesho yake alikaa na karani mmoja kwenye banda la nyama ya mbuzi mpaka saa nane mchana. Orodha iliyopanda mlima Alhamisi, ikiwa imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati, ilikuwa na msichana mmoja tu, na jina lake lilikuwa Beatha Sadock.

Anaeli alikuwa dada yake Namsifu. Namsifu alilisoma jina hilo kama alivyosoma mengine, akaendelea.

“Basi mke wake alikuwa anapiga pasi. Alijua kwamba binti yake alikuwa wa kumi na moja darasani na Anaeli wa kwanza, maana yeye ndiye aliyewasahihishia. Aliipokea orodha, akaisoma, akafurahi. Aliiweka pasi chini, akaisoma tena, akafurahi tena. Hakuuliza.”

Ernesta alimwambia arudie hapo. Namsifu akarudia. Zilikuwa sentensi zake mwenyewe. Hakuna mwingine Upareni aliyependa kuanza na basi namna ile, na hakuna mwingine ambaye angeacha “akafurahi” mbili zikae karibu kiasi kile. Kama angepewa kuisahihisha, asingekata neno.

Sura iliendelea kwa kurasa nyingine tatu. Ilieleza jinsi Anaeli alivyopewa jembe dogo, kisha jembe kubwa. Ilipokwisha, Namsifu alifunga kitabu na kukiweka magotini.

“Umeisoma mara ngapi?” Ernesta aliuliza.

“Mara nne, mwalimu. Dada haioni, kwa hiyo nilimsomea.”

“Akasemaje?”

“Aliniambia nikateke maji.”

Mchana Ernesta alimwambia mumewe kwamba amesomewa. Sadock alikuwa anamenya ndizi. Aliimenya yote, akaila yote, akafuta vidole. Kisha akasema kwamba maneno yanayosomwa na watoto peke yao hayana mhuri, na kwamba yeye alikuwa amefanya kama baba. Aliuliza kama kuna mama pale nyumbani aliyekuwa amekataa.

Jumatatu iliyofuata Ernesta aliomba ruhusa ya siku moja, na Sadock, kama mwalimu mkuu, akaisaini. Ernesta alishuka Same kwenye gari la tangawizi, akaenda kwenye ofisi ya elimu iliyotoa majina, ile ambayo kijijini iliitwa tu kule chini. Beatha alikuwa mpiga taipu hapo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa shida, akasomea uhazili Moshi, na baba yake akamtafutia kiti. Alipomwona mama yake aliinuka akamwamkia, akamletea chai.

Ernesta alimweleza kwa kifupi. Beatha alisikiliza akiwa amelaza vidole juu ya mashine bila kubonyeza.

“Wewe ulijua?”

“Nilikuwa na miaka kumi na minne, mama,” Beatha alisema. “Nilijua kila kitu.”

Alisema kwamba mwaka mzima wa kidato cha kwanza, kila jina la Anaeli lilipoitwa shuleni, na kulikuwa na akina Anaeli watatu, yeye ndiye aliyegeuka. Halafu akazoea. Akaweka karatasi mpya kwenye mashine, maana kulikuwa na kazi inasubiriwa.

Afisa aliyempokea Ernesta aliitwa Evance, mtu mpole aliyekuwa na feni isiyozunguka. Hakushangazwa na kurasa nyeupe. Alisema kwenye wilaya yenye milima mambo ya vitabu huwa tofauti kidogo. Shida yake ilikuwa utaratibu. Malalamiko lazima yaambatane na ushahidi, ushahidi lazima usomwe na afisa, na afisa mdogo kuliko wote hapo alikuwa na miaka thelathini na moja. Mtoto hawezi kumsomea afisa ushahidi unaomhusu dada yake. Orodha ya themanini na saba iliwahi kuwapo, lakini kabati lile lilikuwa limeingiliwa na mchwa. Hata hivyo asingependa mwananchi aondoke mikono mitupu. Akampa fomu. Alimweleza kwamba akishaijaza itapigwa taipu, na kwamba jambo likithibitika, cheti cha aliyenufaika kitafutwa na ajira yake itasimama. Kupitia mlango uliokuwa wazi wote wawili walisikia Beatha akichapa, haraka na bila kukosea.

Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mlalamikaji. Ernesta aliibeba mpaka nyumbani ikiwa tupu.

Siku tatu baadaye aliipeleka kwa Anaeli. Alimkuta kwenye matuta ya tangawizi nyuma ya nyumba ya baba yake, mtoto amelala mgongoni, akifukia mizizi kwa mguu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na mikono ya mtu wa arobaini. Alisema shikamoo mwalimu, na Ernesta akaitikia marahaba. Alitoa fomu. Alisema anayoyajua, na alisema pia kwamba yeye ndiye aliyekuwa anapiga pasi.

Anaeli aliipokea fomu kwa vidole viwili, ili asiichafue, akaisoma mbele na nyuma.

“Nikiweka jina hapa, nitapelekwa kidato cha kwanza?”

“Hapana.”

“Beatha je?”

“Atafukuzwa kazi.”

Anaeli alirudisha fomu. Aliinama, akafukia mzizi mwingine, akasawazisha udongo. Kisha akauliza Beatha alisoma masomo gani kule. Ernesta akamtajia: historia, Kiingereza, jiografia, baiolojia, kemia.

“Kemia ndiyo niliyokuwa naisikia,” Anaeli alisema. “Kemia ni nini hasa?”

Ernesta alikuwa mwalimu wa daraja la tatu, na kemia aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuokoteza kwenye daftari za binti yake. Alikaa kwenye ukingo wa tuta akaeleza alichoweza. Alieleza kwa nini majivu na mafuta vinatoa sabuni, kwa nini chuma cha jembe kinashika kutu na sufuria haishiki, na ni kitu gani ndani ya tangawizi kinachouma ulimi. Anaeli aliendelea kufanya kazi akisikiliza, na alipofika mwisho wa tuta alirudi na tuta la jirani ili asiende mbali. Aliuliza maswali mawili. La pili Ernesta hakuweza kulijibu. Mtoto akaamka, na Anaeli akasema inatosha kwa leo, mwalimu, asante.

Fomu ilikaa ndani ya Biblia ya Ernesta, kwenye Waamuzi, ambako Sadock hakuwa na kawaida ya kusoma.

Kidogokidogo kijiji kikaizoea sura ya kumi na nne. Kipindi chake kilikuwa Alhamisi baada ya mapumziko, na walimu waliwaacha watoto peke yao ili wasiwasumbue. Mtoto alipokua, kurasa zilimfungia, wengine ghafla katikati ya mstari, wengine mstari kwa mstari. Akina mama walianza kuitumia kama alama, wakasema binti fulani imeshamfungia, na wakamtafutia kanga. Namsifu ilimfungia mwezi wa kumi, wiki mbili baada ya mtihani wa darasa la saba. Alikileta kitabu ofisini akakikabidhi.

“Kwangu imekuwa nyeupe, mwalimu,” alisema, akaenda zake.

Namsifu alikuwa wa kwanza darasani mwaka mzima. Desemba Sadock alishuka kuchukua majina, kama mwalimu mkuu anavyotakiwa, na alirudi kesho yake. Yalikuwa mawili, la mvulana mmoja na la binti wa mtu mwenye duka la pembejeo Same, aliyehamia Vumbweni mwezi wa nane kwa ajili ya hewa ya mlimani. Safari hii Ernesta aliuliza. Aliuliza mbele ya walimu wote. Sadock alijibu kwa upole kwamba orodha ni hiyo iliyokuja, kwamba kuwa wa kwanza Vumbweni si kuwa wa kwanza wilayani, na kwamba mwenye shaka anajua njia ya kushuka. Inawezekana Namsifu hakufaulu. Jambo hilo hutokea. Mzee Eliamini alipopewa habari aliuliza kama shule itarudisha mchango wa madawati.

Shule ilipofunguliwa Januari, darasa la tano jipya lilipewa vitabu vilevile. Alhamisi ya kwanza, mapumziko yalipokwisha, Ernesta alipita dirishani akawaona wanafunua. Walipofika mahali ambapo sura ilizoea kuishia, waliendelea. Alisubiri watoke, akaingia na kuchukua nakala moja, akahesabu kurasa nyeupe kwa kidole. Zilikuwa kumi. Ofisini alimkuta Hezroni amesimama juu ya kiti, anafuta sita kwenye ratiba na kuandika saba. Ernesta alichukua kipande chake cha chaki. Alikwenda darasa la nne akafundisha hesabu za sehemu mpaka kengele ikalia.

Mwezi wa tatu wafadhili walikuja kutazama jinsi vitabu vyao vinavyotumika. Evance aliwaongoza. Waliona nakala zilizochakaa pembe, wakasema hawajapata kuona shule ambayo vitabu vinasomwa mpaka mwisho namna hiyo. Waliahidi boksi lingine. Mwalimu mkuu alisifiwa kwa kujenga mazoea ya kusoma, na mgeni mmoja akaomba wapige picha. Sadock alipewa kitabu akishike kikiwa wazi mbele ya kifua, watoto wakapangwa pembeni yake. Alikifungua mwishoni, ambako hakukuwa na kitu.

Picha ilitumwa kutoka Dar ikiwa kwenye fremu, na ilitundikwa ofisini juu ya kabati. Sadock anatabasamu. Mgeni anatabasamu. Ernesta amesimama kando, kwa kuwa ndiye mwandishi, na anatazama kamera kama alivyoambiwa. Watoto thelathini na mmoja hawatazami kamera. Wamekigeukia kitabu, wanasoma.